Kiingereza cha karatasi

Fundi mmoja wa aluminiamu, mkazi wa Nkuhungu jijini Dodoma, alikosa kazi ya madirisha kumi na nane kwa sababu ya neno alilokuwa analijua tangu kidato cha kwanza. Neno lenyewe ni "failure".

Nilikuwepo siku alipogundua. Kuna steshenari ya binti mmoja pale Majengo, karibu na soko, ambako napenda kukaa mchana kwa sababu kuna feni na magazeti ya jana. Fundi alikuja kutoa kopi ya leseni ya biashara. Mashine ilipokuwa inapata moto akamwonyesha binti barua pepe kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetaja msiba uliokwisha zikwa.

"Dada, hawa nao walinikataa. Hata sijui nilikosea wapi."

Binti akasoma, akarudia, akamtazama.

"Kaka, hawajakukataa hawa. Walikuwa wanakusubiri."

Barua ilikuwa na sentensi mbili tu za maana. Ya kwanza ilimtaka apeleke profoma, yaani ankara ya bei kabla ya kazi, na cheti cha TRA cha kuonyesha hadaiwi kodi. Ya pili ilianza na "Failure to do so" na kuishia na "disqualification", na katikati palikuwa na tarehe 14. Yeye aliona neno la mwanzo na neno la mwisho, moyo ukafa. Shuleni "failure" ni mtu aliyefeli, na aliyefeli hana cha kusoma zaidi. Anafunga karatasi anaenda nyumbani. Kumbe sentensi ilikuwa inamwambia kwamba asipoleta ifikapo tarehe 14 ataondolewa. Alipoipokea alikuwa na siku sita mkononi. Siku tuliyokuwa tunaisoma pale steshenari ilikuwa tarehe 21.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na majibu ni yale yale mawili. Wa kwanza atasema ndiyo maana yeye kampeleka mwanawe shule ya Kiingereza tangu chekechea. Wa pili atagonga meza: nchi hii ina lugha yake, kwa nini fundi wa Dodoma aandikiwe ung'eng'e na ofisi iliyoko Dodoma? Wote wana hoja, ila hakuna aliyemjibu fundi. Yeye ana miaka arobaini na moja, hawezi kurudi chekechea, na barua nyingine itamfikia kabla Bunge halijakaa.

Mjadala wenyewe una umri mkubwa kuliko yeye. Kiswahili kilishika shule ya msingi mwaka 1967, sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari, pendekezo likalala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote, na bado mtoto wa kidato cha kwanza anafunguliwa kitabu cha Kiingereza asubuhi ya kwanza. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, lugha ya sheria zetu ikatamkwa kuwa Kiswahili. Hayo ni mambo makubwa na yana wenyewe. Mimi nina dai dogo, la kiwango cha meza ya steshenari.

Kiingereza cha karatasi za kazi ni chembamba. Kusanya barua za ajira, ankara, zile oda za ununuzi tunazoziita elpio, notisi za benki na masharti ya zabuni zinazopita kwenye mashine ya yule binti kwa mwezi mmoja, utakuta maneno yale yale yanazunguka kama daladala za Mtumba. Aliyemaliza kidato cha nne anayajua karibu yote kwa sura. Shida ni kwamba alitambulishwa kwayo yakiwa na sare ya shule, na kazini yamebadilisha nguo.

Chukua "outstanding". Kwenye ripoti ya mtoto ni sifa, mzazi anaweza hata kuchinja kuku. Kwenye barua ya mkopeshaji ni deni ambalo hujalipa. Mama mmoja muuza mchele alitembea na barua ya namna hiyo kwenye mkoba wiki nzima, akiamini marejesho yake yamesifiwa. "Interest" shuleni ni kitu unachokipenda, benki ni riba. "Principal" ni mkuu wa chuo, lakini kwenye mkopo ni ile fedha uliyokopa yenyewe kabla riba haijapanda juu yake. "Security" ni mlinzi wa getini. Kwenye zabuni ni dhamana, tena ya fedha. "Party" ni sherehe, mkatabani ni upande mmoja wa makubaliano. "Notice" ni karatasi ya ubaoni, ila kwenye ajira ni muda unaompa mwenzako kabla ya kuachana, na kwa anayelipwa kwa mwezi sheria yetu inautaja: siku zisizopungua 28.

Halafu kuna "execute". Kwenye somo la Historia neno hilo lilitufundisha kunyongwa. Mkatabani, mara nyingi, ni kutia saini tu. Nilimwona mwenye lori la mchanga aliyepiga picha mkataba wake, simu ikamtafsiria kuwa pande zote "zitatekeleza" makubaliano haya kabla ya tarehe fulani. Akatekeleza. Alishusha tripu nne kabla hata karatasi haijasainiwa na mtu yeyote, na kuzidai ikawa shughuli nyingine.

Hatari ya maneno haya ni kwamba hayamshtui msomaji. Neno geni linakusimamisha, unauliza jirani. Neno unalodhani unalijua linakupungia mkono upite.

Nikiambiwa nichague maneno mawili tu ya kumfundisha mtu mzima, nitachagua "shall" na "may". Wengi wetu tulifundishwa kwamba "shall" ni wakati ujao wa "I" na "we", basi, na mwalimu akageukia ubao. Kwenye mkataba neno hilo halitabiri chochote. Linaamuru. "The supplier shall deliver" haisemi kwamba msambazaji ataleta, inasema ni lazima alete. Na "may" tuliyoijua ya kuombea ruhusa ya kwenda chooni, mkatabani ni hiari: anaweza akafanya, anaweza asifanye, na hutamshitaki kwa kutofanya. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ina kifungu kizima, cha 53, kinachoyatenganisha haya mawili. Kifungu hicho kinahusu sheria na si mikataba ya watu binafsi, lakini wanaoandika mikataba wametoka madarasa yale yale ya sheria na mkono wao unafuata mazoea hayo. Mtu akijua hili peke yake, anaweza kushika mkataba wa kurasa sita na kuuona mifupa yake: wapi kuna lazima, wapi kuna hiari, na ya nani.

Jambo jingine linatutega kutokana na Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tuna "mpaka Ijumaa". Ofisi iko wazi mpaka Ijumaa, lete fomu mpaka Ijumaa. Kiingereza kinayagawa: "until" ni kitu kinachoendelea hadi hapo, "by" ni kitu kinachotakiwa kiwe kimeshafanyika siku hiyo ikifika mwisho. Kwa masikio yetu yote ni mpaka, na mpaka wetu, tuseme ukweli, una ukarimu wa siku moja mbili. "By" haina. Na ukikutana na "within 14 days from the date of this letter", anza kuhesabu kwenye tarehe iliyochapwa juu ya barua. Barua inaweza ikawa ilikaa masijala siku tano, ikakaa kwa mtendaji siku nne, ikakufikia imebakiwa na siku tano za kupumua, wewe ukajihesabia wiki mbili kamili tangu uliposaini daftari la kupokea.

Vijana wanaotafuta kazi nao wana neno lao, "gross". Barua inasema mshahara ni shilingi 800,000, herufi nzito, na mtu anaanza kutafuta chumba Ilazo. "Gross" ni jumla kabla mikono mingine haijapita. Kwa aliye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 inatoka, yaani 80,000. Zinabaki 720,000 za kukatwa kodi, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kodi yake ni 60,000. Tekihomu ni 660,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000 nyingine, anabaki na 540,000. Hakuna aliyemdanganya. Neno lilikuwepo pale, limekaa kimya mbele ya tarakimu.

Wanaouza bidhaa serikalini wana ndugu yake, "withholding". Asilimia 2 ya malipo ya bidhaa inakatwa kabla hujalipwa, na wasiolijua neno wanadhani mhasibu kajichukulia chai. Ni kodi ya zuio, ina cheti chake, na cheti hicho kinapunguza kodi yako ya mwaka. Wengi hawakidai kwa sababu hawajui kwamba kipo.

Msomaji asidhani naandika haya kwa sababu mimi nilizaliwa nayajua. Miaka kadhaa iliyopita niliacha kazi yenye mshahara wa uhakika kwa sababu ya barua ya ajira mpya iliyonipongeza kwa aya nzima. Kwenye mstari wa tatu iliandikwa kwamba ofa ile ni "subject to" matokeo ya uchunguzi wa afya na majibu ya wadhamini wangu. Mimi "subject" nilijua ni somo, au kiima cha sentensi. Nikaruka. Nikaandika barua ya kuacha kazi siku ile ile, tena kwa mbwembwe. Mdhamini mmoja alikuwa safarini, hakujibu, ofa ikanyauka. "Subject to" maana yake ni "kwa sharti kwamba", na sharti lilikuwa halijatimia. Miezi mitano nilikula kwa dada yangu, mtaa wa Kikuyu, na hakunisema hata siku moja, jambo ambalo liliuma kuliko kama angesema.

Kwa nini sikuuliza? Swali hili lina uzito kuliko sarufi yote niliyoitaja. Sikuuliza kwa sababu kuuliza maana ya neno la Kiingereza, kwa mtu mwenye cheti, ni kukivua cheti hadharani. Nchi hii tunamcheka anayechapia. Mtu akikosea Kiswahili tunamsahihisha, akikosea Kiingereza tunamtengenezea kipande cha video. Basi watu wamejifunza kutikisa kichwa. Nenda kikao chochote cha ofisi kinachogawa waraka wa Kiingereza, hesabu wanaotikisa vichwa, kisha subiri nje uone wanaofuatana hadi kwa dereva wa bosi, ambaye siku zote ndiye anayejua kilichoandikwa.

Na hapa sheria iko upande wa anayeuliza kuliko anavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kisha ahakikishe maelezo hayo yamefafanuliwa waziwazi kwa namna ambayo mfanyakazi anaielewa. Rudia sehemu ya mwisho. Kuelewa kwako ni jukumu la mwajiri. Ukisema "naomba unieleze mstari huu kwa Kiswahili" huombi fadhila. Nimekutana na maofisa rasilimali watu wasioijua sehemu hiyo, na nimekutana na wanaoijua vizuri wakatulia.

Lakini nisiwape raha sana wale wanaogonga meza. Wiki iliyofuata baada ya kisa cha fundi, pale pale steshenari, mama mmoja alileta karatasi ya mkopo, ile ya kausha damu, ya kulipa kila wiki. Ilikuwa Kiswahili kitupu, Kiswahili safi hata nukta zilikuwa mahali pake. Alikuwa ameisaini bila kuisoma. Kifungu cha nne kilisema akichelewa siku moja adhabu inaongezwa kwenye deni na riba inahesabiwa upya juu ya jumla. Nikamuuliza, mama, hukuona hapa? Akasema, "Baba, waliniambia nisaini hapa, nikasaini hapa."

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ukihamisha karatasi kwenda Kiswahili umemaliza. Sisi karatasi tumeizoea kama kitu cha kusaini. Tunaitafuta ile nukta nukta ya chini, tunainama, tumemaliza. Anayekuletea naye ameweka kidole pale pale, hataki uangalie juu ya kidole. Shule haikusaidia, maana ufahamu wa darasani, wa Kiingereza na wa Kiswahili, ulikuwa habari kisha maswali: John alikwenda wapi, sungura alimwambia nini fisi. Maswali yalikuja yameandikwa. Karatasi ya kazi haiji na maswali. Lazima uyalete wewe: nani anatakiwa kufanya, afanye nini, mpaka lini, na asipofanya kitatokea nini. Fundi wetu angeipekua barua yake kwa maswali hayo manne angeona kwamba jibu la "nani" ni yeye, na mtu aliyekwisha kataliwa hapewi tarehe.

Ndiyo maana siamini sana katika kozi za miezi mitatu za Kiingereza cha biashara zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme. Nyingi zinafundisha kuongea: kujitambulisha, kupokea simu, kumsifia mteja. Fundi wa Nkuhungu hahitaji kuongea Kiingereza na mtu. Wateja wake wote ni Waswahili, hata yule aliyemwandikia ile barua, ambaye akimpigia simu anaanza na "Mbukwa!", salamu ya Kigogo, na kicheko. Anachohitaji ni kusoma, tena kusoma aina tano au sita za karatasi, kama alivyojifunza kusoma mchoro wa dirisha bila kuwa msanifu majengo. Vyuo vya ufundi vinaweza kulifanya hili kwa wiki mbili, kwa kutumia elpio halisi iliyofutwa majina badala ya kitabu. Kijana anayejifunza kuchomelea afundishwe na ankara.

Na mtaa wenyewe umeshaonyesha kwamba ukielewa kitu, jina linakuja lenyewe. Hakuna mwenye bajaji Dodoma anayehangaika na majina ya bima yaliyochapwa kwenye mkataba. Kuna bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga, na kuna bima kubwa, inayokulipa na wewe. Nani alitunga majina hayo? Sijaona kamati. Watu walilipa, waligongwa, walidai, wakaelewa, wakaita. Neno "excess" halijapata bahati hiyo, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na ndiyo maana kila anayelipwa pungufu anaapa kaibiwa.

Yule binti wa steshenari ameanza kitu, bila kuniuliza mimi wala chuo chochote. Ana kaunta buku, lile la kwaya mbili, analoliweka chini ya kikokotoo. Kila neno linalomleta mteja mara ya pili analiandika, upande wa kushoto lilivyo kwenye karatasi, upande wa kulia linavyomaanisha kwenye karatasi hiyo. Si tafsiri za kamusi. Mbele ya "kindly revert" ameandika "nijibu". Mbele ya "due date" ameandika "siku ya mwisho kulipa, si siku ya kuanza kutafuta hela". Kitabu chote kina maneno yasiyofika mia moja na hamsini, na anasema mwezi uliopita aliongeza matatu tu.

Fundi alirudi juzi. Safari hii hakuwa na simu mkononi, alikuwa na karatasi, mkataba mdogo wa milango ya duka huko Kisasa, na alikuwa ameshaupitia nyumbani kwa kalamu nyekundu. Kila penye "shall" alikuwa amezungushia. Akauweka juu ya mashine, akavuta kiti.

"Mzee, nimezihesabu. Ziko kumi na moja. Mkandarasi atafanya hivi, mkandarasi atafanya vile. Mkandarasi ndiye mimi?"

Nikamwambia ndiye yeye.

"Sasa mbona zote ni zangu? Zao ziko wapi?"

Binti akauchukua mkataba, akafungua ukurasa wa pili, akashuka na kidole hadi kwenye malipo. Pale paliandikwa "may". Fundi akaomba kalamu ya rangi nyingine.